Mwaka visa zilipokataliwa: besiboli ya Uganda na mjadala usiokwisha

Ukitoka Mafubira, Jinja, kwenda Kampala, ukavuka Nile na kuiacha Njeru, unaingia msitu wa Mabira. Unapita Najjembe penye wachoma kuku, mashamba ya miwa yanaanza, na mara umefika Lugazi. Abiria wengi wanaujua mji huo kwa sukari. Wachache wanajua kwamba mwaka 2012 timu yenye jina la mji huo ilikuwa ya kwanza kutoka bara la Afrika kucheza Mashindano ya Dunia ya Little League, ambayo ndiyo kilele cha besiboli ya watoto duniani.

Kwetu Jinja mazungumzo ya michezo yanaanzia kwenye soka na mara nyingi yanaishia hapo hapo. Lakini Uganda ina mashabiki wa besiboli, na mjadala wao ni wa miaka mingi. Ulishika moto Agosti 2011, msimu ulipokwisha vibaya kuliko wote, na swali lililozaliwa wakati ule bado linaulizwa: hii timu yetu ina mbele?

Julai ya mwaka huo watoto wa Rev. John Foundation kutoka Kampala walisafiri hadi Kutno, Poland, kulikokuwa kukichezwa mchujo wa Mashariki ya Kati na Afrika. Kwa miaka mingi nafasi ya kanda hiyo ilikuwa kama mali ya Dhahran, Saudi Arabia, timu ya watoto ambao wengi wazazi wao ni Wamarekani wanaofanya kazi kwenye kampuni ya mafuta. Dhahran walikuwa na viwanja, vifaa na makocha waliozaliwa na mchezo huo. Waganda wakawafunga, wakatwaa ubingwa. Tiketi ya Williamsport, Pennsylvania, yanakochezwa Mashindano ya Dunia, ilikuwa mikononi.

Kisha ubalozi wa Marekani ukakataa visa. Ilielezwa kwamba taarifa za umri na tarehe za kuzaliwa za baadhi ya wachezaji hazikulingana. Dhahran, waliofungwa, ndio waliopanda ndege.

Mashabiki wakagawanyika pande mbili, na kila upande una hoja nzito. Wa kwanza wanasema Marekani iliwadhulumu watoto maskini: watoto wameshinda uwanjani, wanashindwaje kwenye dirisha la ubalozi? Wa pili wanasema tulijikata wenyewe, kwani watu wazima ndio walioshika karatasi, na karatasi hizo hazikuwa safi.

Ili kupima hoja ya pili, lazima mtu aujue mchezo wenyewe. Katika Little League mrushaji anasimama mita 14 tu kutoka kwa mpigaji, na wakati ule umri wa mwisho ulikuwa miaka 12. Kijana wa miaka 14, mwenye mabega yaliyoanza kupanuka, akirusha mpira kwa umbali huo, mtoto wa miaka 11 aliyeshika gongo hana muda hata wa kuamua apige au aache. Waandaaji walikuwa wameshaungua. Mwaka 1992 Zamboanga City ya Ufilipino ilinyang'anywa ubingwa kwa kuchezesha wasiostahili. Mwaka 2001 Danny Almonte wa timu ya Bronx, New York, alirusha mechi nzima bila mpigaji hata mmoja kufika besi. Dunia ikamshangilia, kisha ikagundulika kwamba alikuwa na miaka 14. Matokeo ya timu yake yakafutwa. Baada ya hapo kila cheti cha kuzaliwa kilitazamwa kwa jicho kali, na cha mtoto wa nchi maskini kilitazamwa kwa jicho kali zaidi.

Sasa fikiria mtoto wa Uganda wa wakati huo. Watoto wengi walikuwa hawajasajiliwa kuzaliwa. Tarehe ya mtoto ilipatikana kwenye kadi ya chanjo, kama haijaloa mvua, au kwenye kadi ya ubatizo, au kwenye daftari la shule, ambamo mwalimu aliandika alichoambiwa na shangazi aliyemleta mtoto siku ya kwanza. Karatasi tatu zinaweza kutoa tarehe tatu za mtoto mmoja bila mtu yeyote kukusudia hila. Na akitokea mzazi au kocha wa kukusudia, mlango uko wazi. Kwa maoni yangu pande zote mbili zina ukweli, lakini adhabu yote ilimwangukia mtoto, ambaye hakuandika karatasi hata moja.

Mapumziko yale kati ya msimu na msimu yangeweza kuizika besiboli ya Uganda. Kilichoiokoa kilitoka Kanada. Watoto wa Langley, British Columbia, ndio waliokuwa wacheze na Uganda mechi ya kwanza kule Williamsport. Kwao watu wakachanga fedha, na Januari 2012 watoto wa Langley wakaja Uganda kucheza ile mechi iliyozuiwa. Walifuatana na Jimmy Rollins na Derrek Lee, nyota wa ligi kuu ya Marekani. Uganda ikashinda 2-1. Ushindi huo hauhesabiwi kwenye rekodi yoyote rasmi, na mimi nauhesabu miongoni mwa mechi kubwa zilizowahi kuchezwa katika nchi hii.

Miezi michache baadaye Lugazi wakaenda Kutno, wakaifunga Kuwait kwenye fainali, na safari hii visa zikatoka. Kule Williamsport walifungwa 9-3 na Panama, kisha 12-0 na Mexico. Wenye kukata tamaa haraka waliziona hizo 12-0, wakasema yametimia. Hawakungoja mechi iliyofuata, nje ya mbio za ubingwa, ambapo Lugazi waliifunga Gresham ya Oregon 3-2. Watoto wa barabara ya Jinja wakawa wameifunga timu ya Marekani katika ardhi ya Marekani.

Mwaka 2015 ikaja zamu ya AVRS, shule ya sekondari iliyojengwa na Mmarekani Richard Stanley, mhandisi mstaafu aliyetumia mali yake na miaka yake kuupandikiza mchezo huu Uganda. Wakati huo kanda ilikuwa imeunganishwa na Ulaya, kwa hiyo ilibidi kuwapita Wazungu kwanza. Wakawapita. Kule Williamsport wakaifunga Jamhuri ya Dominika, nchi inayotoa wachezaji wa kulipwa kila mwaka, 4-1. Ulikuwa ushindi wa kwanza wa timu ya Afrika katika mbio zenyewe za ubingwa.

Tangu hapo hakuna timu ya Uganda iliyorudi Williamsport. Italia, Hispania na Jamhuri ya Czech zimekuwa zikipokezana nafasi ya kanda. Hapa ndipo mjadala wa leo ulipo.

Wenye matumaini wanakutajia majina. Mwaka 2022 Los Angeles Dodgers waliwasajili Ben Serunkuma na Umar Male. Pittsburgh Pirates wakamchukua mrushaji David Matoma. Dennis Kasumba, mdakaji ambaye video zake akijifua juu ya matairi chakavu zilienea dunia nzima, mwaka 2023 alipata visa na kuchezea Frederick Keys kule Maryland. Pirates ndio walewale waliompa nafasi Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, ambaye Aprili 2017 alikuwa Mwafrika wa kwanza kucheza ligi kuu ya Marekani, na akapiga vizuri mara yake ya kwanza kushika gongo. Wanasema Mganda wa kwanza yuko njiani.

Wenye mashaka wanajibu kwamba mchezaji mmoja aliyesajiliwa Marekani hajengi timu nyumbani. Nakubaliana nao. Besiboli yetu imeegemea mno wafadhili wachache na viwanja vichache, vingi vikiwa upande wa Kampala na Mpigi. Viongozi wa mchezo huu waje mashariki, watafute shule za Jinja na Mbale zenye viwanja vipana, walete glovu na makocha, na ligi ya shule ichezwe mwaka mzima badala ya kungoja mwezi wa mchujo.

Nawe mzazi wa Mafubira, la kwako halihitaji mfadhili. Tangu 2015 tuna NIRA, mamlaka ya usajili wa watu. Mpeleke mtoto asajiliwe angali mchanga, na tarehe iliyoandikwa pale iwe ndiyo hiyo hiyo utakayompa mwalimu wake.