Ndugu wa Mgonjwa, Subiri Nje

Lutindi ipo juu kwenye milima ya Usambara, wilayani Korogwe. Wajerumani walipojenga pale hawakuwa wakifikiria wagonjwa. Mwaka 1896 chama cha Waprotestanti wa kwao kilifungua makao ya watoto waliokombolewa kutoka mikononi mwa wafanyabiashara wa utumwa. Watoto walipewa chakula, nguo, shule na dini. Jambo moja lilishindikana: kuwarudisha kwao. Mtoto aliyetekwa hajaweza hata kulitaja jina la kijiji chao, utamrudisha kwa nani?

Miaka haikupita mingi, watoto wa namna hiyo wakapungua na nafasi zikabaki. Serikali ya kikoloni nayo ilikuwa ikitafuta pa kuwapeleka watu waliovurugikiwa akili. Kufikia 1905 makao yale yakawa hospitali ya vichaa, ya kwanza katika Afrika Mashariki. Mpaka leo inafanya kazi, chini ya kanisa la Kilutheri.

Kila nikiisoma historia hiyo nasimama hapo hapo. Nyumba iliyojengwa kwa watoto wasio na ndugu ikapokea watu wazima waliokuwa na ndugu tele, ila ndugu wamebaki bondeni. Nadhani historia nzima ya kutibu akili katika nchi zetu inaweza kusimuliwa kutoka mlangoni pale: nani anaingia na mgonjwa, nani anaambiwa asubiri nje.

Kabla ya hospitali, mgonjwa wa akili hakuwa peke yake hata ndani ya lugha. Neno "wazimu" ni ndugu wa "mzimu". Aliyesema fulani ana wazimu alikuwa akisema kuna waliotangulia wamemwingia, na wakishamwingia mmoja, ukoo mzima una kesi. Tambiko limesahauliwa? Kaburi limeachwa likaota magugu? Kuna mali iliyoliwa? Maswali yote hayo yaliwahusu watu waliomzunguka mgonjwa, na jibu lake lilimtoa kila mtu jasho, si yeye tu.

Pwani kuna njia nyingine tena. Mwalimu anakaa mkekani, sahani nyeupe mapajani. Zafarani imelowekwa kwenye marashi ya waridi mpaka imekuwa wino. Anaandika aya taratibu, midomo ikimcheza, sahani inajaa. Kisha inamiminiwa maji, maandishi yanayeyuka, maji yanageuka manjano, na mgonjwa anapewa anywe. Hilo ndilo kombe. Anayeishika sahani wakati wa kunywa kwa kawaida si mwalimu. Ni mama, au dada, au shangazi aliyekuja naye.

Kombe likishindwa, kuna kilinge. Fundi anaitwa, ngoma inapigwa, pepo anapanda, na mgonjwa sasa ni kiti tu, maneno si yake. Pepo anaulizwa anataka nini. Mara nyingi anataka vitu ambavyo mwenye mwili angeona haya kuviomba: kanga mpya, pete ya fedha, mume asiyekesha nje. Mume yupo pale, majirani wapo, na bili ni yake. Mtu anaweza kuamini au asiamini pepo, lakini hawezi kusema malalamiko ya mwanamke yule hayakusikilizwa.

Sipambi mambo. Kulikuwa na minyororo, kulikuwa na mguu wa mtu kuingizwa kwenye tundu la gogo, kulikuwa na viboko vya kumtoa shetani, na kwenye baadhi ya nyumba za maombi na za waganga vipo hadi sasa. Ndugu anaweza kuwa muuguzi na anaweza kuwa askari jela.

Waingereza walipochukua kazi hiyo waliianza kwa ukuta. Nairobi walifungua hospitali ya vichaa mwaka 1910, mahali palipokuwa pakitengewa wagonjwa wa ndui. Mwaka 1924 ikapewa jina la Mathari. Dodoma wakajenga Mirembe mwaka 1927. Majina hayo mawili yaligeuka matusi upesi. Mtoto wa Kitanzania anajua kumwambia mwenzake "wewe wa Milembe" kabla hajajua Dodoma ipo upande gani, na wa Nairobi naye ana Mathare yake. Mathari wodi zilitengwa kwa rangi: Wazungu kwao, Waasia kwao, Waafrika kwao.

Mwafrika alifikaje pale? Aghalabu kwa mkono wa polisi. Alifanya fujo sokoni, au alivua nguo barabarani, au alimpiga mwajiri. Alipelekwa mbele ya hakimu, kwa sheria ambayo koloni liliiazima India, na hakimu akaandika karatasi. Mgonjwa aliingia na karatasi ile badala ya shangazi. Kilichompata kabla ya hapo, nani kamfia, shamba lake limechukuliwa na nani, karatasi haikuwa na nafasi ya kuyaandika.

Mwaka 1938 Mathari ilikabidhiwa kwa John Colin Carothers, daktari aliyezaliwa Afrika Kusini. Alikuwa daktari wa kawaida wa serikali. Magonjwa ya akili hakuwa ameyasomea, na diploma ya fani hiyo aliifuata London baadaye, kazi akiwa ameishika. Ila alikuwa mtu wa kuhesabu. Aliwahesabu Waafrika waliolazwa kati ya 1939 na 1943, akalinganisha na idadi ya watu wa koloni, akapata kiwango kidogo mno kuliko cha Uingereza. Akahitimisha kwamba Mwafrika aliyetulia kijijini kwao ni nadra kurukwa na akili, na kwamba ugonjwa wa huzuni nzito karibu hana. Walioonekana kuugua zaidi ni wale waliotoka kwao kwenda kufanya kazi za ajira.

Hapo ndipo pa kusimama kidogo. Mtu anayekaa pembeni ya kibanda chake, hali, halali, hasemi, polisi watamkamata kwa kosa gani? Mwanamke anayeamka saa tisa usiku kila siku akilia kimya kimya, hakimu atamwandikia karatasi ipi? Hao hawakufika Mathari, kwa hiyo hawakuwamo kwenye daftari, kwa hiyo hawakuwapo. Carothers alikuwa akihesabu waliokamatwa, akidhani anahesabu wagonjwa. Na wale vibarua wa mashambani na mijini waliojaa kwenye orodha yake walikuwa ndio hasa waliokuwa mbele ya macho ya mwajiri na polisi, mbali na mtu yeyote wa kuwaficha au kuwatunza.

Hesabu hiyo ingebaki kosa la daftari kama isingepandishwa cheo. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilimchapishia kitabu kuhusu akili ya Mwafrika. Humo alimfananisha Mwafrika na Mzungu aliyepasuliwa ubongo na kukatwa mishipa ya sehemu ya mbele. Mwaka uliofuata serikali ya Kenya ikamwomba aeleze Mau Mau. Watu walikuwa wakidai ardhi. Yeye akaandika juu ya nafsi ya Mkikuyu iliyopotea kati ya mila na usasa, na akaunga mkono watu wakusanywe kwenye vijiji vya lazima. Dai la shamba likawa dalili ya ugonjwa. Frantz Fanon, aliyekuwa daktari wa fani hiyo hiyo huko Algeria, alimjibu kwenye kitabu chake cha 1961, kile ambacho wasomaji wa Kiswahili wanakijua kama "Viumbe Waliolaaniwa".

Jibu lingine, la vitendo, lilikuwa limekwisha kuanza Nigeria. Mwaka ule ule wa 1954, Thomas Adeoye Lambo, kijana wa Abeokuta aliyerudi kutoka masomoni Uingereza, alianza kazi Aro, nje kidogo ya mji wake. Hospitali ilikuwa bado inajengwa. Badala ya kungoja kuta, akazungumza na wazee wa vijiji vya jirani: wagonjwa wapangishwe vyumba humo, mchana waje kutibiwa, jioni warudi kupika. Wenye nyumba walipata kodi. Wagonjwa walipata majirani. Sharti lilikuwa moja, na ndilo ninalolipenda: mgonjwa asije peke yake. Lazima awepo walau ndugu mmoja, mama au kaka au shangazi, wa kukaa naye, kumpikia, kumfulia na kumsindikiza hospitalini. Dawa na umeme wa kichwani Lambo hakuvikataa, alivitumia. Lakini aliwaita pia waganga wa jadi na kuwasikiliza. Dakar nako, Mfaransa Henri Collomb aliruhusu ndugu walale wodini na akawa akikutanisha wagonjwa, ndugu na wauguzi kwenye baraza kama la kijiji.

Tanganyika ilipopata uhuru ilirithi Mirembe iliyofurika. Ikajaribu njia inayofanana na ya Aro, kwa lafudhi ya Ujamaa: vijiji ambako mgonjwa aliyepata nafuu anaishi akilima na kujifunza ufundi, akiwa na ndugu wa kumtunza. Hombolo, karibu na Dodoma, ni kimoja. Vikuruti, pembezoni mwa Dar es Salaam, ni kingine. Mwaka 1980, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na Denmark, mpango wa kupeleka huduma hiyo hadi zahanati ulianza kwa majaribio Kilimanjaro na Morogoro. Fedha za wafadhili zikaisha, kama zinavyoisha, na mengi yakalegea.

Kuna jambo lililowashangaza wengi katika miaka hiyo. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, Shirika la Afya Duniani liliwafuatilia wagonjwa wa skizofrenia katika nchi tisa, kuanzia Denmark hadi Kolombia. Baada ya miaka miwili, na tena baada ya mitano, wa Ibadan Nigeria na wa Agra India kwa jumla walikuwa na hali nzuri kuliko wa London na Washington. Wapo wataalamu wanaoyapinga matokeo hayo, na hoja zao zina uzito: nani alipotea katikati ya ufuatiliaji, nani hakufika hospitalini tangu mwanzo. Ni swali lile lile la daftari la Carothers. Lakini waliotafuta sababu hawakwenda mbali, walitazama familia. Ibadan mgonjwa alikuwa na kwao na kazi ya kumngoja shambani.

Ule ugonjwa uliokosekana Mathari nao umekuja kupata majina. Washona wa Zimbabwe wana neno kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Sisi tunasema fulani ana mawazo, na kila mtu anaelewa kwamba si mawazo ya kawaida. Watanzania siku hizi wanasema sonona, neno zuri, la zamani, lenye maumivu ndani yake. Nairobi vijana wanakwambia depresheni na kuendelea na safari.

Huko Harare, daktari Dixon Chibanda alipata pigo: mgonjwa wake alijiua, baada ya familia kukosa nauli ya basi ya kumrudisha hospitalini. Mwaka 2006, katika kitongoji cha Mbare, alipewa bibi kumi na wanne na benchi nje ya zahanati, maana ndani hapakuwa na chumba. Aliliita benchi la afya ya akili na watu wakalipita mbali. Mabibi wakamwambia abadilishe jina: liwe benchi la urafiki. Mgonjwa anakaa, bibi anamsikiliza tatizo lake, la kodi au la mume au la virusi vya Ukimwi, kisha wanachagua moja la kuanza nalo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliokaa na mabibi walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Benchi hilo sasa limefika Zanzibar.

Sheria hutembea polepole kuliko mabibi. Ile ya kumshtaki mtu aliyejaribu kujiua tuliletewa na Waingereza, ambao wenyewe waliifuta kwao mwaka 1961. Kenya iliendelea nayo hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipotamka kwamba inakiuka Katiba. Miaka yote hiyo, ndugu aliyemwokoa mwenzake kwenye kamba alikuwa na sababu ya kunyamaza hospitalini: akisema ukweli, anamkabidhi mgonjwa kwa polisi.

Kuna kliniki moja ya akili, katika mji nisioutaja, ambako nimepata kusindikiza mtu. Mlangoni pamebandikwa karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nene: NDUGU WASUBIRI NJE. Hakuna anayeitii. Kwenye benchi refu chini ya mwembe, mwanamke amefunua chupa ya chai na kumwagia kijana wake kwenye kifuniko. Kijana mikono inamtetemeka kwa dawa, kwa hiyo mama anakishika kifuniko hadi kiishe. Mzee mmoja anafungua rambo lililojaa kadi za kliniki, amezipanga kwa miaka. Muuguzi anachungulia dirishani na kuita jina, na kila linapoitwa jina moja, husimama watu wawili.