Mtoto Amenawiri

Sisi tuliofikia Louisville, Columbus na Buffalo tumefikia jikoni kwa Marekani bila kuambiwa. Kuku wa KFC alianzia Corbin, Kentucky, lakini kampuni yake iliongozwa kutoka Louisville kwa miongo mingi, hadi ilipotangaza mwaka 2025 kuhamia Texas. Columbus ndiko Dave Thomas, aliyekwisha kuuza kuku hao hao mjini humo, alikofungua Wendy's Novemba 15, 1969. Punde akaweka na dirisha la kununulia ukiwa ndani ya gari. Na mabawa ya kuku yenye pilipili yalitoka Anchor Bar, Buffalo, mwaka 1964.

Watoto wa nchi hii hawakuwa hivi tangu zamani. Rais Truman alitia saini sheria ya chakula cha mchana shuleni mwaka 1946, na sababu mojawapo ni kwamba wakati wa vita vijana wengi walikataliwa jeshini kwa utapiamlo. Mapema miaka ya 1970 mtoto 1 hivi kati ya 20 alikuwa na unene uliokithiri. Kufikia 2020 ni karibu 1 kati ya 5. Damu ya watu haibadiliki kwa miaka 50. Kilichobadilika ni soda, dirisha lile la gari, na mahali pa kuchezea. Buffalo, miaka ya 1960, miti ya Humboldt Parkway ilikatwa kupisha barabara kuu, na watoto wa mashariki ya mji wakabaki na moshi.

Ndipo tukaingia sisi. Wengi tumepitia Kakuma, Dadaab au Nyarugusu, ambako mtoto hupimwa mkono kwa utepe, na rangi nyekundu maana yake njaa imemshika. Mama aliyeuogopa utepe ule leo anaambiwa kliniki kwamba mwanawe amepita mstari wa 95, yaani uzito wake kwa urefu wake unawazidi watoto 95 kati ya 100 waliopimwa zamani. Anahisi anaambiwa amnyime mwanawe chakula! Kwetu "amenawiri" ni sifa, na kambini ilikuwa sifa ya haki. Hapa mstari ule unaweza kuleta kisukari kabla mtoto hajamaliza shule.

Simlaumu mama anayefanya zamu ya usiku. Namwomba aanze na kinywaji: maji mahali pa soda na juisi ya boksi. Kisha sukuma wiki. Dukani utaambiwa collard. Wamarekani weusi wameipika tangu enzi za utumwa, na jirani yako atakuonyesha inauzwa wapi.