Maji magumu, chumvi na kura ya Santa Clarita

Novemba 2008, wakazi wa Bonde la Santa Clarita, kaskazini mwa Los Angeles, walipiga kura kuhusu mashine ya kulainisha maji, ile inayotumia chumvi. Waliotaka iondoke walishinda. Tangu 2003 ilikuwa marufuku kufunga mpya, na kuanzia Januari 2009 hata zilizokuwa zimeshafungwa zilitakiwa kutolewa. Sasa mtu aliyezoea maji laini afanye nini? Wauzaji walikuwa na jibu tayari: nunua "kilainishi kisicho na chumvi". Jina hilo lina shida, na ili tuione inabidi turudi nyuma kidogo.

Maji magumu ni maji yenye kalsiamu na magnesiamu nyingi. Ukifulia, sabuni inagoma kutoa povu. Ukichemsha, birika linashika ukoko mweupe. Hizo ni kero mbili tofauti, zishike.

Mwaka 1841 Thomas Clark, profesa wa kemia kule Aberdeen, Uskochi, alipata hataza ya kulainisha maji kwa kuyatilia chokaa. Ndiyo, chokaa kutoa chokaa! Inashangaza, lakini inafanya kazi: chokaa hubadilisha kalsiamu iliyoyeyuka kuwa unga mweupe unaotuama chini, ukabaki na maji laini juu. Clark huyohuyo ndiye aliyetupa kipimo cha sabuni: unahesabu sabuni inayohitajika mpaka povu litulie. Waliofanya jaribio hilo maabara ya sekondari wanakumbuka mkono ulivyochoka kutikisa chupa. Kwa hiyo njia ya kwanza kubwa ya kulainisha maji haikuwa na chumvi hata chembe. Ila ilitaka matangi makubwa na mtu wa kuyasimamia, si kitu cha kuweka jikoni.

Chumvi iliingia mwanzoni mwa karne ya 20, pale Robert Gans wa Ujerumani alipotumia madini ya zeolaiti kulainisha maji kibiashara. Zeolaiti hushika kalsiamu na kuachia sodiamu. Ikijaa, unaisuuza kwa maji ya chumvi, inaanza upya. Mwaka 1935 Waingereza Adams na Holmes wakatengeneza resini zinazofanya kazi hiyohiyo, na baadaye resini ndizo zikatawala mashine za nyumbani. Maji yakitoka humo, kero zote mbili zimekwisha: povu jingi, birika safi.

Lakini yale maji ya kusuuzia huenda wapi? Kwenye bomba la majitaka. Sodiamu sehemu imebaki kwenye resini, kloridi yote inaondoka, na mitambo ya kawaida ya kusafisha majitaka haiiondoi. Santa Clarita iliishia mtoni, Santa Clara, ambao maji yake hutumiwa na wakulima wa parachichi na stroberi huko chini, kaunti ya Ventura. Mimea hiyo haivumilii kloridi. Mamlaka ziliweka kikomo cha miligramu 100 kwa lita, na kujenga mtambo wa kuondoa chumvi ni ghali mno kuliko kuizuia isiingie. Ndiyo maana ya ile kura.

Turudi kwa vifaa mbadala. Vya sumaku ni vya zamani. Mbelgiji Vermeiren alipata hataza yake mwaka 1945, na mabishano kama vinafanya kazi hayajawahi kuisha. Vipya zaidi vina punje za plastiki zenye vijishimo vidogo sana. Kalsiamu hujikusanya hapo kuwa fuwele ndogondogo, kisha fuwele hizo hubanduka na kwenda na maji bila kung'ang'ania kwenye bomba au hita.

Umeona? Kalsiamu haijatoka. Ukichukua kipimo cha Clark, kifaa hiki kinafeli palepale, maji ni magumu vilevile. Wajerumani waliliona hilo, ndiyo maana miaka ya 1990 walitoka na jaribio jingine, W 512: unapasha maji moto kwa siku kadhaa, kisha unapima ukoko ulioganda, huku maji yasiyotibiwa yakipita pembeni kwa kulinganisha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona walipotumia jaribio la namna hiyo, punje zilipunguza ukoko kwa zaidi ya asilimia 80, wakati kifaa cha sumaku-umeme kilipunguza takriban nusu.

Binafsi naona punje zimefaulu, tatizo ni lebo. Kuziita kilainishi ni kumpa mnunuzi ahadi mbili na kutimiza moja. Anayetaka kulinda hita yake ya maji anapata alichokilipia. Anayetaka povu na nywele laini bado ataongeza sabuni, na kama anaishi Santa Clarita, njia iliyobaki ni mtungi wa resini wa kukodi: kampuni inakuja kuuchukua na kwenda kuusuuza kwake, chumvi isiguse bomba la bondeni.