Uzi wa Rangi katika Bomba la Kioo

Mabaharia wamevijua tangu kale vizingia vya maji na hatari yake, lakini miongoni mwa wanachuoni waliovidhihirisha machoni petu, sioni wa kumtanguliza mbele ya Osborne Reynolds, mwalimu wa uhandisi katika Owens College, mjini Manchester, aliyetangaza habari za majaribio yake mwaka 1883. Ndani ya birika lenye pande za kioo, urefu wake futi 6, alilaza bomba la kioo ambalo mdomo wake ulipanuka mithili ya tarumbeta, akapitisha humo maji pamoja na uzi mwembamba wa rangi. Maji yalipokwenda taratibu, uzi ule ulinyooka mwanzo hadi mwisho. Yalipozidishwa kasi, ghafula ulitikisika, ukakatika, rangi ikatapakaa hata jicho lisitambue umbo lolote. Hapo ndipo ilipodhihiri hekima yake: alimulika kwa cheche ya umeme, na katika nuru ile ya lamha moja ghasia yote ikaonekana kuwa ni jamii ya vizingia, vimejikunja dhahiri shahiri. Watafiti wa zama zetu hutumia mwali wa leza, bali kaida ni ile ile. Chombo chenyewe kingali kimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Manchester.