Mkate Umegeuka Mbao? Usirushe! Njia 4 za Kuurudishia Uhai Bila Oveni

Unajua ile asubuhi. Chai ya maziwa ya ngamia inatoa mvuke, njaa imekushika, unafungua karatasi ya mkate, unapata umekuwa mbao. Na si ile mbao ya kulipia nduthi, ni mbao ya fundi.

Kama unaishi Garissa, hii story ni yako. Februari na Machi joto hupita digrii 35, upepo ni mkavu, na slesi ukiiacha mezani saa moja tu inaanza kujikunja. Wajir na Mandera mko hapo hapo, msijifanye.

Na mkate si kitu ya kuchezea siku hizi. Mswada wa Fedha wa 2024 ulitaka kuuwekea VAT ya asilimia 16, na kelele ikapanda hadi serikali ikaondoa hiyo sehemu Juni mwaka huo huo. Kabla ya hapo, Novemba 2023, mafuriko ya El Niño yalikata barabara kati ya Madogo na Garissa mjini. Ukikaa upande wa pili wa maji bila lori kuvuka, utaheshimu hata kichwa cha mkate.

Mimi nilijifunza hii maneno baada ya kuacha kampasi. Tulikuwa wasee wanne kwa keja moja, tarehe 24, loafu moja ngumu kama jiwe. Nikatoka nje kuwarushia mbuzi. Habo, mama wa ploti, akanishika mkono: "Mbuzi wamekula tangu asubuhi. Wewe umekula?" Sikuwa nimekula. Akanionyesha kwa dakika kumi vile mkate unafufuka.

Kwanza, kwa nini mkate unakuwa mgumu?

Wengi hufikiria ni maji tu yamekauka. Si hivyo. Mwaka wa 1852, Mfaransa Jean-Baptiste Boussingault alionyesha kwamba mkate unakuwa mgumu hata ukifungiwa mahali maji hayawezi kutoka. Kinachofanyika ni hiki: ukioka mkate, wanga wa ngano unalainika na kunywa maji. Mkate ukipoa, huo wanga unaanza kujipanga tena na kukaza, kama saruji inashika. Boussingault pia aliona ukiupasha hadi karibu digrii 60, ule ukaze unaachilia na mkate unalainika.

Hapo ndipo siri iko: joto na maji kidogo.

Na hapo pia ndipo utajua makosa yako. Friji haihifadhi ulaini wa mkate, inaharakisha ugumu, juu baridi ya friji ndiyo wanga hupenda kukazia. Friza ndiyo husimamisha hiyo kazi.

Pili, kagua kabla ufufue

Mkate mgumu na mkate ulioharibika ni vitu mbili tofauti. Ukiona doa ya kijani, nyeusi ama nyeupe yenye manyoya, ama unusie harufu ya uvundo, huo tupa. Usikate hiyo sehemu ukale ingine, kwa sababu mkate ni laini na kuvu huingia ndani mahali macho hayafiki. Moto hausaidii pia, sumu zingine za kuvu haziogopi kupikwa. Na usiupatie mbuzi, naye ana tumbo.

Uko safi, mgumu tu? Twende kazi.

1. Loafu nzima: oveni ya sufuria

Chukua sufuria kubwa, weka mawe madogo safi ama kisahani cha bati chini ili mkate usiguse moto moja kwa moja. Pasha ikiwa imefunikwa kwa dakika tano. Nyunyizia loafu maji kwa mkono pande zote. Ukiwa mgumu sana, upitishe chini ya mfereji haraka, sekunde moja hivi. Usiuloweke! Ingiza, funika, weka vipande vichache vya makaa juu ya kifuniko. Dakika 8 hadi 10 inatosha. Nje itakuwa na ukoko, ndani laini.

Angalia hapa: jiko ya makaa usiiwashe ndani ya keja umefunga mlango na dirisha. Ile gesi yake haina harufu na inaua watu wakiwa wamelala. Pikia nje ama kwa hewa.

2. Slesi: chuma ya chapo

Weka chuma moto mdogo. Paka slesi siagi ama samli kidogo, dondosha matone ya maji kando ya chuma, si juu ya mkate, kisha funika haraka. Mvuke unalainisha juu, chuma inakaanga chini. Dakika moja kila upande. Hii ndiyo ya komredi mwenye haraka.

3. Chapo na anjera: mvuke

Chapo za jana zifunge kwa kitambaa safi chenye unyevu kidogo, weka juu ya chujio ama sahani, ndani ya sufuria yenye maji kidogo yanayochemka. Maji yasiguse chapo. Funika dakika tatu hadi tano. Anjera inataka muda mfupi zaidi, dakika moja ama mbili, la sivyo itageuka uji.

4. Mikrowevu, kama uko nayo

Funga slesi na tishu yenye unyevu, sekunde 10 hadi 15, basi. Ukizidisha, maji yanatoka yote na utapata raba. Kula papo hapo, juu ikipoa inakaza vibaya kuliko mwanzo.

Sheria moja ya kushika: mkate hufufuka vizuri mara moja tu. Kila ukipasha, maji yanapotea. Kwa hivyo pasha kile utakula sasa, si loafu yote halafu ubakishe nusu.

Na ukikataa kufufuka?

Usilazimishe maiti. Mgeuze kazi:

- *Mkate mayai:* slesi ngumu ndizo bora hapa, zinakunywa yai na maziwa bila kukatika. Kaanga pande zote mbili.
- *KK:* kata chapo ngumu vipande vidogo, changanya na suqaar ya nyama na mchuzi wake. Ukienda hoteli za Wasomali utaona watu wanailipia pesa nzuri, na wewe ulikuwa unataka kuirusha.
- *Anjera na chai:* ikate vipande, weka mafuta ya simsim na sukari, mwagia chai. Kiamsha kinywa cha watoto wengi wa North Eastern, na wakubwa wakijificha.
- *Chenga:* kausha kabisa, twanga, weka kwa mkebe wenye kifuniko. Utatumia kupakia samaki ama kababu kabla ya kukaanga. Wakati wa Ramadhan hizo chenga zina kazi kila jioni.

Kuzuia ni rahisi kuliko kufufua

Weka mkate ndani ya karatasi yake, funga mdomo, weka mahali pa kivuli mbali na jiko na dirisha la jua. Usifunge mkate ukiwa bado moto, ule mvuke ndani ndio huita kuvu. Kama mko wachache na loafu ni kubwa, gawa siku ya kwanza: nusu ya kula, nusu kwa friza ya jirani. Ukitoa slesi kutoka friza, weka kwa chuma moja kwa moja, si lazima ingoje kuyeyuka.

Habo alikuwa na msemo wake kila akiona mtu anabeba chakula kwenda kwa pipa: "Huo mkate haujafa, wewe ndiye hujauliza." Siku ile tulikula loafu yote na chai mbili mbili, tukasukuma hadi tarehe 25. Mbuzi walituangalia tu.