Kuhesabu Nyuzi: Habari za Mshono wa Msalaba

Mara nyingi twaona kitambaa cha mezani kilichotiwa maua kwa mshono wa msalaba, nasi hukisifu kwa neno moja, kisha twapita. Tena wako wadhanio kwamba kazi hii ni ya kupitishia wakati tu. Lakini tukiifuata historia yake twaona kwamba ni kazi ya akili na hesabu, na kwa watu wengine ilikuwa njia ya kupata chakula chao.

Mshono huu haufuati mstari uliochorwa juu ya nguo. Mfano huwekwa kando, na mshonaji hana cha kufuata ila hesabu ya nyuzi. Huhesabu nyuzi za mtande na za mshindio, mara nyingi mbili mbili, akapitisha sindano mara mbili kwa kuikingamisha, ikawa alama kama X. Alama moja ni nyepesi, hata mtoto aweza kuijua upesi. Ugumu ni wingi wake. Nakshi yenye alama 60 kwa upana na 60 kwa urefu, ikijazwa yote, yataka alama 3,600. Na mshonaji akikosa uzi mmoja upande wa kushoto, kosa lile halikai mahali pake. Laenda naye hata upande wa kulia, na mwisho jani halikutani na shina lake. Wasukao mikeka wanalifahamu jambo hili, maana ukikosa ukindu mmoja katika ukili, nakshi yote yapinda.

Basi, watu wa zamani waliwezaje kuishinda mifano migumu? Njia ya kwanza ilikuwa kuweka kumbukumbu katika nguo yenyewe. Katika Ulaya, wakati vitabu vilipokuwa haba, mwanamke aliyeona nakshi nzuri alishona sehemu yake ndogo katika kitambaa, akakikunja na kukiweka. Siku alipoitaka nakshi ile alikikunjua, akahesabu humo. Kitambaa cha namna hii cha Uingereza kilicho cha kale kuliko vyote vyenye tarehe kilishonwa na Jane Bostocke mwaka 1598, nacho kimehifadhiwa katika jumba la Victoria and Albert Museum, London. Mna herufi, wanyama, na vipande vingi vya nakshi mbalimbali. Kwa hiyo twaweza kukiita daftari lililoandikwa kwa sindano.

Njia ya pili ilikuwa karatasi ya miraba. Tangu miaka ya 1520 vitabu vya mifano vilipigwa chapa katika mji wa Augsburg, Ujerumani. Mwaka 1587 Federico Vinciolo alitoa kitabu chake mjini Paris, na mwaka 1597 Johann Sibmacher alitoa chake mjini Nuremberg. Katika mifano ya miraba, mraba mmoja ni alama moja, wala hapana kubahatisha. Ndipo mshonaji alipoweza kuihesabu nakshi ya mtu asiyepata kuonana naye.

Baadaye, mwaka 1804, Philipson wa Berlin alianza kutoa karatasi za miraba zilizotiwa rangi kwa mkono. Mwaka 1810 mfanya biashara mwingine wa mji ule, Wittich, aliifuata kazi hiyo kwa kuhimizwa na mkewe, aliyekuwa fundi wa sindano. Karatasi hizo zilienea sana Uingereza na Marekani, na hata kufika mwaka 1840 yasemwa kwamba mifano yapata 14,000 ilikwisha kutolewa. Kazi ikawa rahisi, walakini kitu kimoja kilipungua. Wengi waliifuata karatasi bila kuifahamu nakshi, mfano wa mtu anakiliye barua ya lugha asiyoijua. Akikosa, hajui alipokosa.

Kwa wasichana maskini wa Uingereza, hesabu ya nyuzi haikuwa mchezo. Katika karne ya 19 walifundishwa kushona herufi na tarakimu kwa mshono wa msalaba, ili waweze kutia alama mashuka na nguo za nyumba kubwa zisipotee wakati wa kufuliwa. Katika nyumba za yatima za George Müller, zilizoanza mjini Bristol mwaka 1836, wasichana walishona vitambaa vilivyojaa herufi ndogo ndogo za namna nyingi, mara nyingi kwa uzi mwekundu. Kitambaa kile kilionyesha ustadi wa msichana alipokwenda kutafuta kazi.

Tena yuko Elizabeth Parker, aliyezaliwa Sussex mwaka 1813. Yapata mwaka 1830 alishona kwa hariri nyekundu, bila ua wala pambo lolote, habari ndefu ya mateso aliyoyapata kwa mabwana zake na ya huzuni ya roho yake. Alisema mwanzoni kwamba hawezi kuandika. Maneno yake yakatika katikati ya sentensi. Lakini maisha yake hayakukatika hapo: alikuja kuwa mwalimu wa shule katika kijiji cha Ashburnham, akaishi hata uzee.

Njia ya tatu twaiona Palestina. Huko akina mama hupamba kanzu zao kwa mshono huu, na kwa muda mrefu binti alijifunza kwa mama yake pasipo karatasi. Nakshi kubwa waliigawanya katika sehemu ndogo, na sehemu hizo zina majina, kama vile mvinje na mwezi. Aliyelijua jina aliijua na hesabu yake. Kila upande wa nchi ulikuwa na nakshi zake, hata kanzu ya mwanamke ilionyesha atokako. Baada ya 1930 karatasi za mifano ya Ulaya ziliingia, na maua ya kigeni yakachanganyika na nakshi za kale. Mwaka 1948 watu wengi walihama vijiji vyao kwa ajili ya vita, nao wanawake waliendelea kushona nakshi zile kambini. Nyumba zilipotea, bali hesabu ilibaki vichwani mwao. Mwaka 2021 UNESCO iliitia kazi hiyo katika orodha ya urithi wa wanadamu.

Kwa habari hizi twaona kwamba karatasi ni msaada mwema, lakini haitoshi peke yake. Mshonaji mwenye busara hukunja kitambaa mara nne apate katikati yake, akaanzia hapo. Hutia uzi wa rangi nyingine kila baada ya alama kumi, apate kuhesabu kwa makumi. Huigawanya nakshi katika sehemu na kuzipa majina, na kila sehemu huilinganisha na jirani yake kabla ya kuendelea. Akiona kosa hulifumua papo hapo, maana alama tano ni rahisi kufumuliwa kuliko mia tano.

Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba. Nasi twaona kwamba alama na alama hujaza kitambaa, mradi kila moja iwe mahali pake.