Hofu ya safari ya kwanza ya ndege

'''Hofu ya safari ya kwanza ya ndege''' ni wasiwasi unaompata mtu anayejiandaa kupanda ndege, au aliyekwisha kuketi ndani yake, kwa mara ya kwanza maishani. Kwa walio wengi hali hiyo si ugonjwa, nayo hupungua yenyewe baada ya safari moja au mbili. Kwa wachache hudumu na kukua hadi mtu anaacha safari anazozihitaji. Hapo wataalamu wa afya ya akili huihesabu kuwa aina ya fobia.

Makala hii inaeleza hofu hiyo hasa kama inavyowakuta wakazi wa wilaya za Handeni na Korogwe katika Mkoa wa Tanga, kaskazini mashariki mwa Tanzania. Huko ndege za abiria huonekana kwa mbali tu, zikipita angani. Wengi huipanda kwa mara ya kwanza wakiwa watu wazima, tena kwa jambo kubwa: hija ya Makka, masomo ya nje, kufuata mzigo Dubai au Guangzhou, kazi za ndani Omani, au kwenda Mwanza kumwona mtoto aliyehamia huko. Kwa hiyo hofu ya ndege huja pamoja na hofu ya safari yenyewe, na mara nyingi mtu hawezi kuzitenganisha.

== Kufika uwanjani ==

Safari ya angani huanza kwa safari ndefu ya barabara. Korogwe iko karibu nusu ya njia kati ya Dar es Salaam na Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro (KIA), uliofunguliwa mwaka 1971. Mtu wa Handeni hufika Korogwe kwa barabara ya lami ya takriban km 65, au hutokea Mkata, km 54 hivi, akaingia barabara kuu ya Chalinze–Segera kuelekea Dar es Salaam. Uwanja wa jirani zaidi ni ule wa Tanga mjini, lakini unahudumia hasa ndege ndogo za kwenda Pemba, Unguja na Dar es Salaam.

Mabasi ya kaskazini huishia Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, ambacho kiko mbali na Uwanja wa Kimataifa wa Julius Nyerere. Foleni za jiji hazitabiriki, na hakuna kinachochochea wasiwasi kama kuchelewa. Kwa sababu hiyo wenyeji wengi hufika Dar es Salaam siku moja kabla na kulala kwa ndugu. Abiria wa safari za ndani hutakiwa kufika uwanjani mapema, kwa kawaida saa mbili kabla ya kuondoka, na wa safari za nje saa tatu. Uwanja huo una zaidi ya jengo moja la abiria. Jengo la Tatu, lililozinduliwa tarehe 1 Agosti 2019, ndilo la safari za kimataifa. Ni vizuri kumuuliza aliyekata tiketi ni jengo lipi, kabla ya kupanda teksi.

== Hofu na hatari ==

Ukubwa wa hofu haulingani na ukubwa wa hatari. Msafiri wa Korogwe hupanda basi la Moshi bila kuwaza, ilhali barabara hiyo ndiyo sehemu ya hatari zaidi ya safari yake yote. Usiku wa tarehe 3 Februari 2023, katika eneo la Magira Gereza wilayani Korogwe, basi dogo aina ya Coaster lililobeba waombolezaji na jeneza kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi liligongana na lori. Watu wasiopungua 17 walikufa. Wilaya nzima iliomboleza, na siku iliyofuata mabasi yaliendelea kujaa.

Duniani kote, Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ajali za barabarani huua watu milioni 1.19 kila mwaka. Kwa upande wa ndege za abiria, takwimu za shirikisho la mashirika ya ndege IATA kwa mwaka 2023 zinaonyesha ajali moja tu yenye vifo, iliyotokea Nepali, ambako watu 72 walikufa. Miaka mingine huwa mibaya zaidi, lakini tofauti kati ya barabara na anga hubaki kubwa mno.

Hata hivyo hesabu peke yake haitulizi moyo. Barabara mtu ameizoea tangu utotoni. Anamwona dereva, anaweza kupiga kelele «punguza mwendo», na anaamini kwamba akitaka atashuka Mombo. Ndani ya ndege hamwoni rubani wala hawezi kushuka. Isitoshe, ajali ya ndege hutangazwa dunia nzima kwa wiki kadhaa, wakati ajali ya pikipiki ya Kabuku haifiki hata gazetini.

Kwa Watanzania wengi hofu hii ina picha yake: mkia wa ndege ukiwa juu ya maji ya Ziwa Viktoria. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air aina ya ATR 42 iliyotoka Dar es Salaam ilianguka ziwani karibu na Bukoba ikiwa na watu 43. Waliokufa walikuwa 19. Picha ile haielezi kwamba watu 24 walitoka hai, na kwamba wavuvi wa hapo ndio waliotangulia kufika kuwaokoa. Kumwambia mtu mwenye hofu kwamba «ndege hazianguki» ni kumdanganya, naye anajua. Ukweli unaomfaa zaidi ni kwamba huanguka mara chache sana, na kwamba hata hapo wapo wanaopona, hivyo maelezo ya wahudumu kuhusu mkanda, milango na koti la kuokolea yana maana.

Mfano wa maana hiyo ulionekana Komoro tarehe 23 Novemba 1996. Ndege ya Ethiopian Airlines iliyotekwa nyara iliishiwa mafuta, ikatua baharini karibu na ufuo. Baadhi ya abiria walikuwa wamejaza upepo makoti yao wakiwa bado ndani, na maji yalipoingia wakanasa darini wasiweze kutoka. Ndiyo sababu kila muhudumu husisitiza kwamba koti lisijazwe upepo mpaka mtu awe anatoka mlangoni.

== Hofu ya aibu ==

Wageni wa ndege wanapozungumza kwa uwazi, hutaja jambo jingine ambalo vitabu vya saikolojia hulipa nafasi ndogo: kuogopa kuchekwa. Mtu anayeheshimiwa kijijini kwake, pengine mwenye wajukuu, anafika mahali ambapo hajui asimame wapi, avue nini, wala choo kinafungwaje. Anaogopa kuitwa mshamba kuliko anavyoogopa kuanguka. Hofu ya namna hii huondoka upesi ikiwa mtu ataelezwa mapema yatakayotokea.

Kwanza msafiri huonyesha tiketi na kitambulisho, au pasipoti kwa safari ya nje. Katika kaunta begi kubwa hupimwa na kuchukuliwa. Atalipata tena mwisho wa safari. Hupewa kadi ya kupandia ndege yenye namba ya kiti na ya lango. Kisha hupita kwenye ukaguzi, ambako simu, funguo, sarafu, mkanda wa suruali na wakati mwingine viatu huwekwa kwenye trei. Kila mtu hufanya hivyo, waziri na mkulima, na wakaguzi hawamshuku mtu kwa kuwa tu anasitasita. Kisu, hata kile kidogo cha kumenyea chungwa, kiwekwe katika begi kubwa. Kwa safari za kimataifa vimiminika katika mkoba wa mkononi kwa kawaida haviruhusiwi kuzidi mililita 100 kwa kila chupa, hivyo asali ya Handeni nayo iende kwenye begi kubwa, ikiwa imefungwa vizuri.

Abiria wa ndege ndogo wanaweza kuulizwa uzito wao au kupimwa, na kupangiwa viti. Si dharau: uzito lazima ugawanywe sawasawa ndani ya ndege.

Kumwambia muhudumu kwamba hii ni safari ya kwanza ni jambo la kawaida, na wengi wao watarudi kumwangalia abiria huyo baada ya kupaa. Taasisi zinazopeleka mahujaji huendesha semina kabla ya safari. Semina hizo huwasaidia wazee kwa sababu huko maswali huulizwa kati ya watu wanaojuana. Kijana anayekwenda Ghuba peke yake hana semina ya namna hiyo, naye ndiye mwenye kuhitaji zaidi ndugu wa kumweleza.

== Yanayotokea mwilini ==

Ubongo ukihisi hatari, mwili hutoa homoni ya adrenalini. Moyo hukimbia, viganja hutoa jasho, kinywa hukauka, na haja ndogo huja mara kwa mara. Mtu akipumua haraka mno hupoteza kabonidioksaidi nyingi, akapata kizunguzungu na ganzi vidoleni na midomoni. Wengi hudhani wanakufa. Dawa yake ni kupumua polepole kwa tumbo: kuvuta pumzi kwa hesabu ya nne, kuitoa kwa hesabu ya sita, kwa dakika chache. Wengine hutulizwa na dua, tasbihi au sala, na mojawapo ya sababu ni hiyohiyo, kwani maneno yanayorudiwa taratibu hupunguza kasi ya pumzi. Katika ndege za Saudia dua ya safari husomwa kabla ya kupaa.

Kuziba kwa masikio si jambo geni kwa watu wa Korogwe. Aliyepanda gari kutoka Mombo hadi Lushoto, kwenye urefu wa mita 1,400 hivi, anajua namna masikio yanavyoziba na kufunguka kwenye kona za Soni. Hewa ndani ya ndege kubwa hupunguzwa hadi kufanana na ile ya mlima wenye mita 1,800 mpaka 2,400, kwa hiyo yanayotokea ni yaleyale. Kumeza mate, kupiga miayo au kutafuna pipi husaidia, na mtoto mchanga anyonyeshwe wakati wa kushuka. Mwenye mafua makali amwone daktari kwanza, maana maumivu yanaweza kuwa makubwa.

Gesi nayo hupanuka tumboni. Mlo wa maharage na soda usiku wa kuamkia safari umewatesa wengi waliodhani ni hofu.

== Sauti na mitikisiko ==

Sehemu kubwa ya woga wa ndani ya ndege hutokana na sauti zisizojulikana. Ndege ikisimama kabla ya kuruka, injini hunguruma na kiti hutetemeka, kisha mwendo huongezeka kwa ghafla na mgongo hubanwa kwenye kiti. Muda mfupi baada ya kuacha ardhi husikika kishindo chini ya miguu: magurudumu yamekunjwa ndani. Dakika chache baadaye sauti ya injini hupungua na tumbo huhisi kama ndege inazama. Haizami, rubani amepunguza nguvu kwa sababu ile ya kurukia haihitajiki tena. Kengele inayolia ni ya wahudumu kuitana au ya taa ya mkanda. Bawa linaloonekana kupinda juu na chini limetengenezwa lipinde, kama mwanzi. Wakati wa kutua, mngurumo mkubwa baada ya magurudumu kugusa ardhi ni wa kusimamisha ndege.

Mitikisiko husababishwa na hewa isiyotulia: joto linalopanda kutoka ardhini, upepo unaogonga milima, au mawingu ya mvua. Wengi husema ndege «imeingia shimoni», lakini hewani hakuna shimo. Ni kama basi kupita kwenye barabara ya rasta. Wanaoumia katika mitikisiko ni hasa wasiofunga mkanda. Safari za asubuhi kwa kawaida huwa tulivu zaidi kwa kuwa ardhi haijapata moto, na kiti kilicho karibu na mabawa hutikisika kidogo kuliko cha mkiani. Ndege ndogo zinazoruka chini hutikisika zaidi, hasa wakati wa masika.

Swali linaloulizwa sana ni hili: injini ikizima je? Ndege za abiria zenye injini mbili hujengwa na kuthibitishwa ili ziweze kuendelea na injini moja hadi uwanja ulio karibu. Hata zikizima zote, ndege kubwa haidondoki kama jiwe. Ikiwa km 10 angani inaweza kuteleza zaidi ya km 100, umbali unaotosha kutoka juu ya Korogwe mpaka kuipita pwani ya Tanga.

== Dawa na vileo ==

Baadhi ya wasafiri hununua vidonge vya usingizi au vya kutuliza, kama diazepamu, bila kumwona daktari. Vidonge hivyo humfanya mtu awe mzito wa kuelewa maagizo wakati wa dharura, na kulala bila kujigeuza kwa saa nyingi huongeza hatari ya damu kuganda miguuni. Pombe hukausha mwili, na ikichanganywa na vidonge inaweza kuzuia pumzi. Tena mtu aliyelala safari nzima hajifunzi kitu, hivyo safari ya pili humkuta na woga uleule.

== Hofu isiyoisha ==

Kukwepa huikuza hofu. Mchezaji mpira wa Uholanzi Dennis Bergkamp, aliyeichezea Arsenal kuanzia 1995 hadi 2006, aliacha kabisa kupanda ndege, na mara kwa mara alikosa mechi za Ulaya au alisafiri kwa gari na treni. Tiba inayofanya kazi vizuri ni ya mazungumzo yanayomsaidia mtu kuchunguza mawazo yake, pamoja na kuizoea hatua kwa hatua ile hali anayoiogopa: kutazama picha, kumsindikiza mtu uwanjani, kisha safari fupi. Kutoka Dar es Salaam hadi KIA ni takriban saa moja, muda ambao basi la Korogwe lingekuwa bado halijafika Chalinze. Mwenye hofu inayomzuia kazi au matibabu anaweza kuanzia Hospitali ya Magunga mjini Korogwe au hospitali ya wilaya yake, na kuomba rufaa kwenda Bombo, Tanga, au Muhimbili.